Konstantin, Nina na yule shakwe: je, mapenzi yasiyorudishwa ndiyo yanayomfanya mtu awe msanii?

“Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 23, nasoma sanaa za maonyesho. Muhula huu tunafanya tamthilia ya Anton Chekhov, Shakwe, na nimepewa nafasi ya Konstantin. Mwaka jana nilimwandikia binti mmoja mchezo mfupi ili aucheze yeye. Aliucheza mara moja, watu hawakuuelewa, na baadaye akawa na mtu mwingine, mtu ambaye tayari ana jina kwenye fani. Tangu hapo naandika usiku kucha. Wenzangu wananiambia nisiharakishe kupona, eti msanii wa kweli lazima aumie, na kwamba ndivyo Chekhov anavyosema kupitia Konstantin. Lakini silali vizuri, na nikifika Tendo la Nne najiona ni mimi yule. Je, ni kweli Chekhov anasema mapenzi yasiyorudishwa ndiyo yanayomfanya mtu awe msanii? Kwa nini aliita ramsa, yaani mchezo wa kuchekesha, mchezo unaoishia na kifo? Kati ya Konstantin na Nina, nani ameshinda? Na je, nimpelekee huyu binti mchezo wangu mpya?”

Marahaba. Maswali yako ni manne, lakini naona yote yanazunguka hofu moja: kwamba ukimsahau huyu binti, kalamu nayo itakauka. Wenzako wameikuza hofu hiyo kwa kukuambia kwamba Chekhov yuko upande wao. Hayuko, na nitakuonyesha ndani ya mchezo wenyewe, maana wewe ndiye utakayesimama jukwaani kusema maneno ya kijana yule. Ukimwelewa vibaya utamwigiza vibaya, na ninavyokusoma, ukimwelewa vibaya unaweza pia kujiumiza. Lile neno ulilolipitisha harakaharaka, kwamba hulali, sijaliacha. Nitalifikia.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajausoma mchezo huu, kisa ni hiki. Kwenye shamba la mzee Sorin, kando ya ziwa, mpwa wake Konstantin Treplev, kijana wa miaka 25, amejenga jukwaa dogo la kuonyeshea mchezo alioutunga mwenyewe. Mwigizaji ni mmoja tu, Nina Zarechnaya, binti wa jirani, na Konstantin anampenda hadi hajiwezi. Kati ya watazamaji yupo mama yake, Irina Arkadina, mwigizaji mwenye jina, na mpenzi wa mama yake, Trigorin, mwandishi anayesomwa nchi nzima. Nina anamwona Trigorin, na habari ya Konstantin inaishia hapo. Wakati huohuo Masha, binti wa msimamizi wa shamba, anampenda Konstantin asiyemtazama. Mwalimu Medvedenko anampenda Masha asiyemtaka. Polina, mama yake Masha, anamng’ang’ania daktari Dorn, ambaye siku zake za mapenzi zimeshapita. Karibu kila mtu pale anamkimbilia mtu anayemkimbia.

Alipokuwa akiuandika, Oktoba 1895, Chekhov alimweleza kwa barua rafiki yake mchapishaji Suvorin kwamba anatunga ramsa ya matendo manne, yenye mandhari ya ziwa, maongezi mengi kuhusu fasihi, vitendo vichache, na pudi tano za mapenzi. Pudi ni kipimo cha zamani cha Kirusi, kilo 16 na ushei, kwa hiyo hesabu inafika kilo 80 na zaidi. Mtu anayeyapima mapenzi kwa mizani ya nafaka hakukaa chini kuyaimbia sifa.

Hapo ndipo jibu la swali lako kuhusu ramsa linapoanzia. Tazama maneno ya kwanza kabisa ya mchezo. Medvedenko anamuuliza Masha kwa nini siku zote anavaa nguo nyeusi. Masha anajibu kwamba anaomboleza maisha yake, kwa kuwa hana furaha. Mwalimu anashangaa kwa dhati: kwa nini? Una afya, baba yako si tajiri lakini anajiweza. Mimi maisha yangu ni magumu kuliko yako, napokea rubli 23 tu kwa mwezi. Msichana ametaja msiba wa moyo, naye amejibiwa kwa mshahara. Hakuna anayedanganya pale. Masha anaumia kweli, na yule mwalimu ana mama, dada wawili na mdogo wa kiume wa kulisha. Kinachochekesha, na kinachosikitisha hapohapo, ni kwamba kila mmoja anaona kidonda chake peke yake. Konstantin anaamini hakuna aliyewahi kupenda kama yeye, kumbe hatua chache kutoka aliposimama kuna msichana anayevuta ugoro kwa mapenzi yaleyale, na yeye hamwoni. Watazamaji wanaliona jukwaa zima. Ndiyo maana nakusihi usiigize msiba kuanzia dakika ya kwanza. Mwache Konstantin wa Tendo la Kwanza achambue petali za ua, “ananipenda, hanipendi”, kuhusu mama yake, kama kijana mwenye wivu wa kitoto. Hivyo ndivyo Chekhov alivyomwandika.

Sasa swali lako kubwa. Nataka ufungue Tendo la Kwanza, karibu na mwisho, baada ya ule mchezo wa kando ya ziwa kuvurugika. Mama amecheka, amesema ni mambo ya kidekadenti, yaani sanaa iliyopotoka, Konstantin amekasirika akaamuru pazia lishushwe na kukimbilia gizani. Watu wakitawanyika, daktari Dorn anabaki. Konstantin anarudi, na Dorn anamwambia kwamba mchezo wake umempendeza sana, kwamba una kitu cha ajabu ndani yake, na kwamba lazima aendelee. Konstantin anamshika mkono, anamkumbatia, macho yanamlengalenga. Kisha Dorn anaendelea na sehemu yenye thamani zaidi. Anamwambia kwamba kazi ya sanaa lazima iwe na wazo lililo wazi, kwamba mwandishi ajue anaandika kwa ajili ya nini, la sivyo atapotea njiani na kipaji chake chenyewe kitamwangamiza. Na Konstantin, bila subira, anamkatiza: “Nina yuko wapi?”

Usiupite mstari huo. Jioni ile nzima mtu mmoja tu ameiona kazi yake kwa jicho safi. Amemsifu bila kumpaka mafuta na amemwonya bila kumdhihaki. Hiyo ni zawadi ambayo waandishi wengi hawaipati mpaka wazeeke. Konstantin haisikii, kwa kuwa masikio yake yamemfuata Nina ambaye ameshaondoka kurudi kwao. Miaka miwili baadaye, katika Tendo la Nne, atakiri kwa Nina kwamba yeye bado anaelea katika vurugu ya ndoto na taswira, hajui anaandika kwa ajili ya nani wala ya nini. Ni onyo la Dorn, karibu neno kwa neno, limetimia.

Basi tuangalie tatizo la Konstantin linavyofanya kazi. Konstantin amekulia sebuleni kwa mama yake, katikati ya waigizaji na waandishi wenye majina. Anamsimulia mjomba wake kwamba pale alikuwa anavumiliwa tu kwa sababu ni mwana wa Arkadina, na kwamba kila mgeni aliyemtazama alionekana kuupima udogo wake. Kijana huyo anaanza kuandika ili atazamwe kwa namna nyingine. Haja hiyo si dhambi. Wengi wetu tuliingia kwenye sanaa kwa mlango huohuo. Lakini yeye ameweka vitu viwili kwenye mizani moja: thamani ya kazi yake, na namna watu wawili wanavyomtazama, yaani mama yake na Nina. Kwa hiyo kila akinyimwa upendo anaona kazi imekataliwa, na kila kazi ikikosolewa anaona amenyimwa upendo. Katika Tendo la Pili anamwambia Nina kwamba ubaridi wake ulianza usiku ule mchezo ulipoanguka, eti wanawake hawasamehi kushindwa, na kwamba ameuchoma mswada wote mpaka kipande cha mwisho. Msome Nina kwa makini utaona si kweli. Nina alimwambia mapema, kabla hata pazia halijafunguliwa, kwamba mchezo wake ni mgumu kuuigiza kwa sababu hauna watu walio hai, na kwamba mchezo, kwa maoni yake, lazima uwe na mapenzi. Yalikuwa maoni ya mwigizaji kuhusu kazi, na yalikuwa na uzito. Konstantin aliyasikia kama kipimo cha moyo wa Nina kwake.

Halafu nenda Tendo la Tatu. Konstantin ana bendeji kichwani, ameshajaribu kujiua mara moja. Mama anamfunga upya kidonda, wanagombana vibaya, wanalia, wanapatana. Katika kulia kule anasema kwamba amepoteza kila kitu: Nina hampendi, na yeye hawezi tena kuandika. Wasomee wenzako mstari huo. Wao wanasema maumivu ya mapenzi yanazaa maandishi. Konstantin mwenyewe, ambaye wanamtumia kama shahidi, anasema yamemkausha. Na anapofika Tendo la Nne, ambapo sasa anachapishwa magazetini na kulipwa, anamwambia Nina kwamba tangu alipompoteza kila anachokiandika ni kikavu, kigumu, cha giza. Tunamwona mezani akisoma mswada wake na kuuchukia. Anakumbuka jinsi Trigorin anavyouchora usiku wa mbalamwezi kwa vitu viwili tu, shingo ya chupa iliyovunjika inayometa kwenye boma la maji na kivuli cheusi cha gurudumu la kinu. Yeye ana mwanga unaotetemeka, nyota zinazomeremeta na sauti za piano kutoka mbali. Anaona tofauti ilivyo. Na hapo anafikia jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa hekima halisi: kwamba suala si mitindo mipya wala ya zamani, mtu aandike bila kufikiria mtindo wowote, kwa kuwa yanatoka rohoni yenyewe. Ameanza kukua, mdogo wangu. Dakika ileile anayoanza kukomaa kama mwandishi, dirisha linagongwa, na ni Nina.

Wengi huiona ziara ile kama ushahidi kwamba Nina ameanguka. Amekonda, amechoka, anarudiarudia “mimi ni shakwe.” Na kwa kuwa tamthilia inaitwa Shakwe, watu husema basi, Nina ndiye ndege yule aliyeuawa. Lakini kumbuka hadithi ya ndege yule ilitoka kwa nani. Konstantin ndiye aliyemuua na kumweka miguuni pa Nina. Trigorin alipomwona ndege, akatoa daftari na kuandika wazo la hadithi fupi: msichana anaishi kando ya ziwa, ana furaha na uhuru kama shakwe, anakuja mtu, na kwa kukosa la kufanya anamwangamiza. Wanaume wawili wamemwandikia Nina mwisho wake kabla hajauishi. Anapokuja usiku ule, anajaribu kujivua hadithi hiyo mbele ya macho yetu: mimi ni shakwe, hapana, sivyo, mimi ni mwigizaji. Mwigizaji anayecheza Nina akiibeba ile “hapana, sivyo” kama kilio cha kichaa, mchezo umeharibika. Ni kazi ngumu ya mtu anayejitafutia jina lake halisi.

Na hebu tusimpambe kupita kiasi. Nina alimfuata Trigorin, akapata mtoto, mtoto akafa, Trigorin akarudi kwa Arkadina. Katika kipindi hicho cha maumivu makubwa Nina aliigiza vibaya. Konstantin, aliyekuwa akimfuata mji hadi mji, anamsimulia Dorn kwamba alichukua nafasi kubwakubwa lakini alicheza kwa ukali, bila ladha, kwa kupiga mayowe; mara mojamoja tu alilia kwa kipaji au kufa kwa kipaji. Nina mwenyewe anakubali. Anasema Trigorin hakuamini tamthilia, aliicheka ndoto yake, naye kidogokidogo akaacha kuiamini. Akaongezewa wivu, na hofu ya mtoto. Hakujua aipeleke wapi mikono yake, hakujua kusimama jukwaani, sauti haikumtii. Anamwambia Konstantin kwamba yeye hawezi kuelewa hali ile ya mtu anayejua kuwa anaigiza vibaya sana. Wewe umesomea jukwaa, unaijua. Kwa hiyo hata kwa Nina maumivu hayakuleta sanaa. Yalimziba pumzi. Sanaa ilirudi pale alipoanza kuishika kama kazi.

Anachokijua sasa anakisema waziwazi: katika kazi yetu, iwe kuigiza au kuandika, lililo kubwa si umaarufu aliouota, ni uwezo wa kuvumilia. Asubuhi atapanda treni daraja la tatu pamoja na wakulima kwenda Yelets, mji wa mkoani, ambako amepata kazi ya msimu wa baridi. Na hapo linakuja jambo ambalo wenzako wameliruka kabisa. Nina bado anampenda Trigorin. Anasema anampenda kuliko hata zamani. Hajapona. Mapenzi yake hayajarudishwa, kama ya Konstantin, kama ya Masha. Ila ameyaondoa kwenye mizani ya kazi. Anaweza kumpenda mtu asiyempenda na bado kesho saa yake ya kuwa jukwaani ikafika, akafika.

Umeuliza nani ameshinda. Mimi siwezi kumpa Nina kombe. Yelets ni baridi, hoteli za mikoani ni chafu, na anatabiri mwenyewe kwamba wafanyabiashara waliosoma watamsumbua. Huenda asiwe mwigizaji mkubwa kamwe. Chekhov hatuambii. Lakini ana sababu ya kuamka. Kuna walimu wenzangu wanaosema namwonea Konstantin, kwamba yeye ndiye mwenye kipaji kikubwa zaidi na kwamba dunia ya wakina Arkadina ndiyo iliyomuua. Hoja yao ina nguvu. Mama yake ana rubli 70,000 benki huko Odessa na hampi hata za kushonea suti. Katika Tendo la Nne anasema hajawahi kusoma hadithi hata moja ya mwanawe, hana nafasi. Trigorin anamletea Konstantin jarida lenye hadithi zao wote wawili, la zama zile ambapo kurasa ziliuzwa zikiwa zimeshikana, na Konstantin anagundua kwamba kurasa za hadithi ya Trigorin zimekatwa ili zisomwe, za kwake hazijaguswa. Inauma, na ukiigiza dakika hiyo usiikimbilie. Ishike ile karatasi, ipekue. Mazingira yale yangemvunja hata mtu imara. Ninachosema ni kwamba maneno yake ya mwisho jukwaani yanaonyesha mizani ilikuwa wapi mpaka dakika ya mwisho. Nina ameshatoka mbio. Konstantin anabaki na kusema kwamba itakuwa vibaya mtu akimkuta bustanini kisha amwambie mama, maana mama anaweza kuhuzunika. Mama! Kisha anachana miswada yake yote, kimya, kwa dakika mbili nzima za jukwaani.

Na tazama Chekhov alivyokipokonya kifo kile kila pambo. Hakipewi hotuba, hakipewi muziki, hakionekani. Chumba cha pili watu wamerudi kwenye loto, mchezo wa kubahatisha namba. Dorn anadanganya kwamba chupa ya etha imepasuka kwenye sanduku lake la dawa, kisha ananong’ona ukweli kwa Trigorin, pazia linashuka. Hakuna aliyejifunza chochote, hakuna aliyejuta vya kutosha, Nina yuko njiani na hajui. Mtu anayesema Chekhov anaitukuza njia ile aniambie ni mstari upi.

Nikuongezee neno kuhusu mtunzi mwenyewe, kwa sababu dhana ya msanii lazima aungue mara nyingi hubandikwa kwake pia. Shakwe aliandikwa Melikhovo, kijiji kusini mwa Moscow, kwenye kijumba kidogo cha mbao bustanini, na mtu aliyekuwa daktari. Wakulima walimfuata kutibiwa, naye alihangaikia ujenzi wa shule za vijiji vya jirani. Ni kweli mchezo umejaa mambo ya watu aliowajua. Lika Mizinova, rafiki wa familia yake, alimpenda Chekhov bila kupata jibu la kueleweka, kisha akaenda Paris na mwandishi Potapenko, mtu mwenye mke, akapata mtoto na kuachwa. Waliowafahamu walimtambua Lika ndani ya Nina. Hilo lina uzito wa kimaadili na sitalipunguza: Chekhov alijua vizuri ni kitu gani anachokifanya Trigorin na lile daftari, kwa kuwa yeye pia alikuwa na daftari. Lakini mkono ulioandika ulikuwa mkono uliotulia.

Na wala usijifariji kwa ile hadithi nyingine, kwamba kazi kubwa lazima ikataliwe kwanza. Ni kweli onyesho la kwanza, Oktoba 1896 katika ukumbi wa Alexandrinsky huko St. Petersburg, lilizomewa. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Usiku ule ulikuwa wa heshima ya mchekeshaji maarufu, Levkeyeva, mashabiki wake walikuja kucheka, na yeye hakuwamo hata kwenye mchezo huu. Mazoezi yalikuwa machache mno. Chekhov aliondoka ukumbini na kuapa kutoandika tena tamthilia. Maonyesho yaliyofuata palepale yalikwenda vizuri zaidi. Desemba 1898, Ukumbi wa Sanaa wa Moscow, chini ya waanzilishi wake Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, uliufanyia mchezo uleule mazoezi ya kutosha, na ukashinda kiasi kwamba shakwe akawa nembo ya ukumbi ule mpaka leo. Kilichobadilika ni maandalizi na watazamaji. Chukua hilo kwa ajili ya mchezo wako mfupi wa mwaka jana: kuonyeshwa mara moja, watu wasiuelewe, hakujakuambia bado kama ni mbaya au ni mzuri.

Je, nasema maumivu hayana faida yoyote kwa mwandishi? La. Yanakunoa masikio kwa muda. Mtu aliyeachwa husikia mambo kwenye sentensi za watu ambayo zamani yangempita. Yaandike, usiyaache yapotee. Lakini unayoyaandika saa tisa usiku huku kifua kinawaka yachukulie kama malighafi, na uyasome baada ya miezi mitatu, mchana, umeshiba. Hapo utajua kipi ni chupa iliyovunjika kwenye boma na kipi ni nyota zinazomeremeta. Ukiona robo yake inafaa, hiyo ni mavuno mazuri. Nimewaona vijana wakiendelea kukichokonoa kidonda makusudi ili kisifunge, wakiogopa kwamba kikifunga hawatakuwa na la kuandika, na miaka inapita wanaandika shairi lilelile moja.

Sasa usingizi. Kutolala siku mbili tatu baada ya kuumizwa ni jambo la kibinadamu. Kutolala kwa majuma, kuandika usiku kucha, na kujiona ndani ya mtu anayejiua jukwaani, hayo matatu yakikutana siyaachi yapite kama hali ya usanii. Nitakuuliza wazi, na nataka ujijibu kwa ukweli: kuna siku umewaza kufa, au umetamani usiamke? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, funga ukurasa huu na umtafute mtu leo, ana kwa ana: ndugu unayemwamini, rafiki anayeweza kukaa nawe usiku, mshauri wa wanafunzi chuoni, kisha daktari. Hospitali nyingi kubwa zina kitengo cha afya ya akili, na kwenda pale ni sawa na kwenda na malaria. Kuuliza na kusema hakumpandikizii mtu wazo baya, kunampunguzia mzigo. Kama jibu ni hapana lakini usingizi haurudi, nenda vilevile umwone daktari au mshauri nasaha, mapema kabla mazoezi ya Tendo la Nne hayajaanza. Mimi ni mtu wa jukwaa. Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyaona na mtu aliyekaa mbele yako atayaona.

Mwambie pia mwongozaji wako hali ilivyo. Huna haja ya kumtajia jina la binti. Mwombe mambo mawili: Tendo la Nne lisiwe zoezi la mwisho la usiku, mkirudi kila mtu kwake peke yake, na baada ya kulifanya mpate nafasi ya kuvua nafasi zenu, kubadili nguo, kuitana kwa majina yenu halisi, kula pamoja. Makundi mengi makini hufanya hivyo na hayaoni haya. Ukiona bado nafasi inakulemea, omba upewe Medvedenko au Trigorin. Mwigizaji anayebadilisha nafasi kwa wakati hajaaibika, na mchezo huu hauna nafasi ndogo.

Limebaki la huyu binti na mchezo wako mpya. Jiulize unampelekea nini hasa. Kama ni mwigizaji unayemwona anaifaa nafasi, na utaridhika akisema “sina muda” au “umenishinda”, mpelekee, kwa njia ileile ambayo ungempelekea mwigizaji mwingine, bila barua ya pembeni na bila mstari uliofichwa humo ambao yeye peke yake atauelewa. Kama unasubiri ausome kisha akuone, usimpelekee. Kwa sasa, kutokana na ulivyoniandikia, naona ni hili la pili. Kwa hiyo mpe mtu mwingine kwanza, mtu ambaye hakupendi wala hakuchukii, aliyeuona mchezo wako wa kwanza ikiwezekana, na mwombe akwambie unahusu nini na ni wapi alichoka. Akishaanza kuongea, msikilize mpaka amalize.